Mzimu wa Kitisuru Ulivyoniita Jina la Nyumbani

Jamani, heshima yangu imezikwa leo mchana huko Kitisuru. Niacheni nisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wengine.

Mnajua naigiza kwenye ile tamthilia ya televisheni ya ndugu watatu wanaosaka vitu vya uchawi vya mfalme wa kale. Kuna kinu kinachotwanga chenyewe. Kuna kioo kinachoonyesha waliokufa. Halafu kuna usinga, na mimi ndiye mzimu unaoulinda. (Usinga wenyewe ni mkia wa ng'ombe wa machinjio ya Dagoretti. Umeoshwa, lakini haujasahau ulikotoka.)

Leo haikuwa siku ya kazi tu. Mama yake Wafula, mchumba wangu, alikuja kunitazama. Ametoka Bungoma juzi, na ndiyo mara yetu ya kwanza kuonana. Kesho alikuwa arudi akawaambie dada zake kama mimi ni mtu wa kuolewa au ni wale wa kupaka rangi kucha. Wafula aliniambia jana bila kuficha, "Mama akikukataa, mimi sina mdomo."

Kwa hiyo asubuhi nilimpokea kwa magoti mawili. (Mimi! Hata kanisani huwa nainama nusu.) Nikambebea mkoba. Nikamtafutia kiti chenye mto. Kila nilichosema kilianza na "mama" na kikaisha na "mama." Yeye alikuwa anaitikia "mm" tu, huku akiutazama uso wangu uliopakwa jivu.

Sasa hiyo nyumba. Ni ya mawe, ya zamani, imefungwa miaka mingi na mwenyewe yuko ng'ambo. Miti imeifunika hadi saa sita mchana inaonekana kama magharibi. Ukungu umeketi kwenye ngazi. Ndege hawalii huko, nimesikiliza makusudi. Tulipofungua mlango wa stoo ya chini, ile iliyochimbwa chini ya nyumba, askari wa geti akarudi nyuma.

"Hapo sisi hatuingiangi," akasema.

"Kwa nini?"

"Hatuingiangi tu."

Kamande, mwongozaji wetu, akacheka. "Si ndiyo maana tumeichagua! Stella, ingia, shika usinga, funga mlango. Ukiskia nimesema ekisheni, unatoka polepole. Usiharakishe, wewe ni mzimu."

(Stella ni jina langu la kazini. Nyumbani naitwa Nasimiyu, na pale kazini hakuna mtu hata mmoja anayelijua jina hilo.)

Athumani, fundi wa sauti, alikuwa amenibandika kimaikrofoni chini ya kaniki yangu ya mzimu tangu asubuhi. "Usikiguse, dada yangu. Hicho chanasa hata pumzi," akaniambia kwa ule upole wake wa Mombasa. Nikasema sawa. Nikasahau palepale.

Nikaingia. Kabla sijaugusa mlango, ukajifunga wenyewe. Ni mbao nzito, haukupiga kelele. Ulifungika tu, kama mtu anayefunga macho.

Giza. Baridi ya kuingia mifupani. Harufu ya udongo mbichi, ule wa kaburi lililochimbwa jana. Mahali fulani maji yalikuwa yanadondoka. Kitu kikanigusa shingoni, nikajiambia ni utando wa buibui. Kikanigusa tena upande wa pili. Nikajiambia utando una pande mbili. Nikangoja ekisheni. Hakuna. Nikangoja sana. Nje kulikuwa kimya kabisa, hata jenereta sikuisikia tena. Nikaanza kuwaza kwamba huenda watu wote wameondoka, na kwamba askari alijua.

Hapo ndipo nilipoitwa.

"Nasimiyu."

Sauti ya mwanamke mzee. Haikutoka nje, jamani. Ilitoka ndani, kwenye kona, chini karibu na sakafu. Ilikuwa inakwaruza kama ya mtu mwenye mchanga kooni. Na ilinijua!

Nyanya yangu alitufundisha tukiwa wadogo: ukiitwa na mtu usiyemwona, usiitike. Ukiitika umejipeana. Akiita mara ya tatu, muulize anataka nini, mpatane. Nikaziba mdomo kwa usinga. (Msiniulize ladha.)

"Nasimiyu. Njoo, mwanangu."

Nikaanza kusali kwa kunong'ona. Katikati sala ikanipotea, nikajikuta niko kwenye wimbo wa taifa.

"Nasimiyu! Toka huko. Watu wengi wanakungoja."

Mara ya tatu. Tena watu wengi! Nikaona marehemu wote wa ukoo wetu wameshajipanga kwenye viti vya plastiki, chakula kiko tayari, kimebaki mimi tu. Machozi yakaanza kuteremka na jivu. Nikasema, tupatane basi.

"Shikamoo," nikaiambia kona. "Naomba tusikosane. Mimi bado mdogo. Sijaolewa, sijazaa, sijaona chochote. Ukitaka mtu, hapo nje kuna mwanaume anaitwa Kamande. Ana mwili, atakutosha wewe na hao wengine."

Maji yakadondoka tu. Nikaona bei haijafika.

"Basi kuna mama mmoja ameketi hapo nje, amefunga kitambaa cha bluu. Huyo ni mtu mzima. Ameokoka kitambo. Mimi pia nimeokoka, lakini si ya kufa. Wafula ameniambia kila siku huyo mama anasema yuko tayari kwenda kwa Bwana. Sasa mimi ni nani nimzuie? Mchukue tu. Hata mkoba wake nitakuletea."

Kona ikakwaruza, na ile sauti ikasema polepole:

"Nasimiyu. Nani amekuambia niko tayari?"

Sikumbuki kuufungua mlango. Nadhani niliupitia. Kaniki ilibaki kwenye kitasa, mimi nikatokea kwenye ukungu na suruali ya kubana ya kijani yenye tobo, nikipunga usinga na kupiga nduru iliyofika Westlands. Nikaanguka kifudifudi kwenye majani.

Nikainua kichwa. Hakuna aliyekuwa amesogea. Taa nyekundu ya kamera ilikuwa inawaka. Kamande alikuwa amefunika uso kwa kofia, mabega yanatikisika. Athumani alikuwa anaangalia mawingu. Na kwenye kiti chenye mto alikuwa mama mkwe wangu, hedifoni za Athumani juu ya kile kitambaa cha bluu, redio ya mawasiliano mkononi, kidole bado kiko kwenye kitufe.

Kumbe Kamande alipiga kelele ya ekisheni hadi sauti ikamkauka, ule mlango ukaimeza. Akakumbuka watu wa taa walikuwa wamesahau redio yao moja ndani ya sanduku, huko kwenye kona. Basi kwa kumpa mgeni heshima, akampa mama redio nyingine: "Mama, hebu mwite mtoto wako." Naye akaniita jina aliloambiwa na mwanawe. Athumani akamvalisha hedifoni ili anisikie nikiitika.

Alinisikia. Alinisikia vizuri sana, tangu wimbo wa taifa.

Nikajiburuta hadi miguuni pake. "Mama, nisamehe mama. Hiyo nilikuwa naigiza, mama."

Akavua hedifoni, akazikunja vizuri, akamrudishia Athumani na kumshukuru. Kisha akanitazama.

"Hapana. Ni asubuhi ulikuwa unaigiza. Huko ndani ndiyo mara ya kwanza nimekusikia."

Nilitamani kurudi stoo. Kweli kabisa, nilitamani kile kilichonigusa shingoni kinichukue. Ndoa yangu niliiona inapanda basi la Bungoma bila mimi.

Simu yake ikalia. Ni Wafula. Akaipokea palepale na kuweka sauti ya juu, watu wote wakisikiliza, hata askari wa geti.

"Mama, umemwona?"

"Nimemwona."

"Na unaonaje?" Wafula alikuwa anaongea kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani.

Mama akanitazama kuanzia jivu hadi tobo. "Ni mwoga. Na amenitoa sadaka kwa mashetani, na mkoba wangu juu. Lakini akibanwa anasema ukweli. Wale wengine uliowaleta hawakusema hata wakibanwa. Nitawaambia dada zangu nimekubali."

Nikaanza kulia upya. Mama akainua kidole, hajamaliza.

"Ila kesho sisafiri. Nahamia kwake huko Mutuini nimjue vizuri. Sijui mpaka lini. Mwambie baba yako kwa Bwana siko tayari kwenda, na Bungoma pia siko tayari."

Kwa hivyo naandika haya nikiwa kwenye mkeka, kitanda kimepata mwenyewe. Nawaomba mchekee huko huko mliko, msinitumie vichekesho. Chumba ni kimoja, na mimi nikicheka ataniuliza namcheka nani.