Sultani wa Dundori Asogeza Mpaka

Jumatatu, 4 Agosti
Leo nimewafundisha Kidato cha Tatu jinsi masultani wa Uturuki walivyopanua dola. Kwanza walowezi mpakani, kisha ngome, jeshi mwisho. Wanafunzi walisinzia. Mimi nikaamka! Jumamosi ni ruracio: wakwe wanatoka Keringet kuleta mahari ya binti yangu Shiko, na hema haitoshi uani. Jirani yangu Wariara, mjane, ana nafasi tele. Kumwomba ni rahisi. Lakini sultani haombi.

Jumanne, 5 Agosti
Walowezi wametumwa. Nimehamisha kuku na kibanda chao ng'ambo ya itoka, yale maua ya mpaka waliyopanda babu zetu, ambayo hayang'olewi. Wariara aliuliza kama chakula cha kuku kimeisha kwangu. Akawamwagia mahindi. Jioni niliwaita, hakuna aliyegeuka. Wasaliti!

Alhamisi, 7 Agosti
Sasa ngome. Alfajiri nimeng'oa itoka zote, nikazipanda ndani kabisa ya shamba la Wariara. Mke wangu Wawira aliniona, akashika kichwa. Alisema nimejitafutia laana. Nikamwambia mwalimu haogopi maua. Kisha nikanawa mikono mara tatu. Matope tu.

Jumamosi, 9 Agosti
Aibu! Mzee Njuguna, jirani wa upande wa pili na msemaji wetu, alitazama udongo mbichi, akakataa kuketi. Alisema mahari hayazungumzwi juu ya mpaka uliong'olewa. Wakwe wakabaki wamesimama juani. Shiko akaniangalia, machozi yakimlenga. Nikasema ni fuko. Njuguna akauliza ni fuko gani hupanda maua kwa mstari.

Ndipo Wariara akasema nilimwomba nafasi, naye akanipa. Uongo mtupu, kwa ajili ya Shiko. Hata hivyo Njuguna aliamuru itoka zirudi kwanza. Nikapiga magoti na suti yangu, jembe mkononi. Mkwe wangu, Mzee Kiptanui, alinong'ona kuuliza kama hiyo ndiyo mila yetu kwa baba wa bibi harusi. Wariara akajibu ndiyo. Wageni wote wakanipigia makofi. Laiti ardhi ingenimeza!

Jumapili, 10 Agosti
Kanisani sikuinua macho. Wariara amenirudishia kuku pamoja na mayai yao. Nimeona haya. Mpaka wake sitaugusa tena, naapa.

Nimechunguza kosa langu. Waturuki walishindwa Vienna kwa sababu walichelewa kuondoka. Nami nilianza Jumanne kwa shughuli ya Jumamosi! Harusi ni Desemba, muda upo. Na upande wa Njuguna mpaka ni waya tu. Waya haina laana.