Sarafu ya Babu na unga wa volkano

Jamani, leo nimeaibika hadi nimetafuta pa kujificha.

Babu yangu ana sarafu aliyoachiwa na bosi wake, Mbelgiji wa benki, siku anafunga virago kabla ya Uhuru. Ni sarafu ya majaribio. Walitengeneza chache tu waone zinavyokaa, wakaziandika ESSAI, yaani "jaribio", pembeni, kisha nchi ikabadilika na hazikutumika. Babu aliishonea ndani ya mkanda wake. Volkano ilipokula nyumba yetu, alitoka nayo. Waasi walipokuja (wale wa kwanza, na hao wengine wote), alitoka nayo.

Sasa macho yake yameingia ukungu. Daktari anasema akipasuliwa ataona, lakini pesa za upasuaji hatuna, ila hiyo sarafu. Babu hana hamu nyingine: "Nataka kuona tena ile mulima, niitukane uso kwa uso."

Nikamtumia Papa Ramazani, mfanyabiashara wa vitu vya zamani pale sokoni Birere, picha ya sarafu. Akajibu: "Usiuzishe mutu mwingine! Nakuya!"

Nami nikaona mgeni asipewe kitu cheusi. (Nilifundishwa usafi, mnisamehe.) Nikachota unga wa mawe ya volkano, huu tunaosugulia sufuria, nikakaa uani.

Nasugua, naota. Babu anafunguliwa bendeji, ananitazama, anauliza, "Huyu mama munene ni nani?" Nasugua. Babu yuko mlangoni jioni, moto wa mlima umepaka mawingu wekundu, matusi yanamtoka taratibu, ziwa limetulia. Nasugua. Kivuli cha ukuta kilikuwa kimenifikia miguuni, wala sikujua. Raha iliyoje!

Papa Ramazani akafika, akavaa miwani.

"Feza iko wapi?"

"Njo hii, papa."

Akaigeuza. Akaigeuza tena.

"ESSAI iko wapi?"

"Niliisafisha..."

"Mama! Nilikuya kununua feza ya Wabeleji, unanipa kifungo!"

Majirani waliangua kicheko. Mimi nililia palepale, makamasi na yote.

Babu akatoka ndani akishika ukuta, akanyoosha mkono, akaipapasa kwa kidole gumba. Laini tupu.

"Volkano ilishindwa," akasema. "Waasi walishindwa. Kumbe adui iko mu nyumba, inapika sombe."

Kisha akaongeza: "Mulima nimeisamehe. Ile matusi yote nakuwekea weye, siku macho itafunguka."

Basi kesho naanza kutafuta njia nyingine ya kumpasulia macho, ili nikatukanwe vizuri. Nyie msinicheke. Babu ndiye wa kwanza kwenye foleni ya kunitukana.