Mawazo Kumi na Saba ya Kupanua Mkutano wa Wapima Ardhi

Jumatatu, 4 Mei
Mwenyekiti anang'atuka! Mwisho wa mwezi, kwenye mkutano mkuu wa wapima ardhi, kiti kitakuwa wazi. Kiti changu. Kila mwaka tunajibana watu arobaini kwenye chumba cha nyuma cha maktaba, kamati yote ya kujitolea, tunakunywa chai na kugombana kuhusu mipaka. Aibu. Nimeandika mkakati: ukumbi mkubwa, siku tatu, wageni wa nje, maonyesho ya vifaa. Mke wangu kauliza nani atafanya kazi zote hizo. Nikamwambia kiongozi ni maono. Akasema basi maono yaoshe vyombo.

Jumatano, 6 Mei
Kikao cha kamati. Nimesoma mkakati kwa sauti nzito. Makofi! Kisha Mwenyekiti akakumbusha kanuni yetu ya tangu zamani: kwa kuwa hakuna anayelipwa, mwenye wazo ndiye mtekelezaji. Nilikuwa na mawazo kumi na saba. Kobe, mpinzani wangu (tunamwita hivyo kwa sababu hutoa kichwa wakati wa chai tu), hakuwa na hata moja. Akanipa mkono wa pongezi. Mnafiki!

Jumamosi, 9 Mei
Dawa nimeipata. Wazo likitoka kinywani mwa mwingine, kazi ni yake. Nimemwalika Kobe nyumbani, nikamlisha akashiba, nikamdokezea kwamba mtu wa busara angejitolea kupanga usafiri wa wageni, jambo nililolisahau kwenye mkakati. Akasema ni wazo zuri sana. Akaongeza sahani ya tatu.

Jumatatu, 11 Mei
Kikaoni Kobe alisimama. Moyo paa! Akasema kuna wazo zuri la usafiri, ila yeye hawezi kuiba wazo la mwenzake, na mwenyewe yupo hapa. Sasa ni kumi na nane.

Jumatano, 27 Mei
Viti haviingii ukumbini. Ukumbi niliupima kwa macho. Mimi, mpima ardhi! Msimamizi wa ukumbi kaniuliza nafanya kazi gani. Nimemwambia nafundisha muziki.

Jumamosi, 30 Mei
Wamekuja arobaini wale wale, wote wakabanana safu ya nyuma. Mgeni wa nje ni mmoja, shemeji yangu, naye kafuata chakula. Uchaguzi ulipoanza nilikuwa narudisha viti vya ziada kwenye lori. Nikasikia kutoka mlangoni mtu akitaja jina langu. Nikaliweka shati sawa. Mwingine akauliza: huyu tukimpa uenyekiti, kazi atafanya nani? Ukumbi mzima kicheko. Kobe kapita bila kupingwa. Nimeumia jamani. Nililia kidogo nyuma ya lori, na dereva akanipisha.

Jumapili, 31 Mei
Mgongo hauna habari na mimi. Mke wangu kanikanda kwa maji ya moto, akanisihi nifunge domo mwaka mmoja tu, maana mdomo uliponza kichwa. Nimemwapia. Nilikuwa nimechoka kweli, na kiapo kilitoka moyoni.

Jioni Kobe kapiga simu. Kanishukuru, kisha kauliza kwa upole kama nina wazo lolote la mwakani. Lo! Siku ya kwanza tu kazini, keshakwama! Mtu hana maono, atafika wapi bila mimi?

Nimempa ishirini na mawili.