Mapera Matatu ya Mzee Lesikar

Leo sina pa kuuficha uso. Nawaambia ninyi wenzangu wa kitalu kabla hamjasikia kwingine, maana baba mdogo ameanza kusimulia tangu tukiwa njiani.

Mnajua leo ilikuwa siku ya jibu. Asali ya posa nilishaipeleka kwa Mzee Lesikar kule Ngaramtoni, na sharti lake lilikuwa moja tu: tangu siku ya asali hadi siku ya jibu, nisionane na binti yake Nasieku. Mzee alinipenda kwa sababu natunza miche ya kahawa ya Mdachi. "Huyu anajua mbegu," alisema. (Subirini.)

Nilivumilia siku zote hizo. Leo asubuhi nikashindwa! Nikavaa shuka langu jipya la amerikani, jeupe pee, nikatangulia peke yangu. Nikazunguka nyuma ya kwao, kwenye lile shamba mzee alilolipumzisha. Nasieku alikuwa ananisubiri na mapera matatu. Mpera ni mmoja tu pale kijijini, mzee alipewa mche wake na mfanyabiashara wa Pangani, na anaulinda kuliko ng'ombe. Nikala yote matatu, na mbegu zake. Tukalala kwenye majani tusionekane, tukacheka kidogo, nikaondoka.

Nikamkuta baba mdogo njia panda. Yeye ndiye msemaji wangu. Tukaingia kwa njia ya mbele kama watu wa heshima.

Wazee sita wamekaa! Nikainamisha kichwa mbele ya Mzee Lesikar, kama kijana yeyote mwenye adabu. Akaniwekea mkono kichwani. Mkono ukabaki hapo. Nikasubiri. Ukazidi kubaki.

"Kijana, binti yangu ulimwona lini mara ya mwisho?"

"Siku ya asali, baba."

"Na huko mgongoni umebeba nini?"

Kishona nguo! Mgongo mzima! Zile mbegu nyeusi zenye meno, juu ya amerikani nyeupe. Zinang'ang'ania mpita njia ili zisafiri bure, nami nimezibeba hadi miguuni pa mwenye shamba. (Mtunza mbegu mimi.)

"Kishona nguo kiko shamba langu la nyuma," alisema mzee. "Njia ya mbele tumeifyeka jana."

Hapo ningekiri, yangeisha. Mimi nikadanganya. "Baba, tumbo lilinibana, nikaingia vichakani. Nadhani ni ndulele. Nilikula kwa njaa."

Baba mdogo akafumba macho. Ndulele! Kale katunda ka njano ambako watoto wetu wanakatazwa kukagusa kabla hata hawajajua kutembea!

"Amekula sumu!" Mama yake Nasieku akaruka. Mama yule ana huruma kweli. Kufumba na kufumbua, kibuyu kiko mdomoni kwangu, dawa ya mizizi, chungu hadi masikio yakaniuma.

"Kunywa, mwanangu. Yote."

"Mama, nimeshapata nafuu..."

"Yote!"

Nikatapika. Mbele ya wazee sita. Wakasogea wote, kila mmoja anataka kuiona hiyo ndulele. Mzee akachukua fimbo, akachokoachokoa bila haraka. Ndulele haikuwepo. Yalikuwepo mapera, na mbegu zake nzima nzima, ngumu, hata moja haijapata mkwaruzo.

Halafu nyuma ya nyumba mtu akaangua kicheko. Nasieku! (Mchumba gani huyo, jamani?)

Kweli, niliona nimeshamkosa. "Baba, nisamehe," nikasema. "Nilimkumbuka, nikashindwa."

Mzee akaniangalia, akaangalia chini, akaniangalia tena.

"Binti nitakupa," akasema. "Lakini mpera mmoja hautoshi nyumba mbili. Panda wako. Siku utakayoniletea tunda la kwanza, hiyo ndiyo siku ya harusi."

"Asante, baba! Kesho naanza kutafuta mbegu."

"Ya nini kutafuta?" Akaelekeza fimbo chini. "Si hizo hapo?"

Nimeziokota moja moja. Baba mdogo alinishikia jani la mgomba, mabega yakimtetemeka kwa kicheko. Sasa ziko hapa kitaluni, nyuma ya kahawa za Mdachi, na nimeshazimwagilia mara nne tangu nirudi. Msicheke. Na kama yupo anayejua mpera huchukua miaka mingapi kuzaa, tafadhali, asiniambie.