Sifuri ya Nashipae na Ng'ombe wa Mwalimu Masila

Saning'o ole Lemein,
Kitengela.
4 Desemba 2001

Kwa Mwalimu Masila,
Mwalimu wa Hesabu, Kidato cha Pili.

KUH: KURUDISHIWA ALAMA KUMI

Mwalimu mpendwa,

Natumaini u mzima na kwamba ile nyumba uliyopanga nyuma ya soko haijaingia maji. Sisi tuko salama, mvua imenyesha na nyasi zipo. Ni wewe tu umetuharibia Desemba.

Ripoti ya binti yangu Nashipae imefika. Ana alama thelathini na nne, na za kupanda Kidato cha Tatu ni arobaini, kwa hivyo mmeandika kwa wino mwekundu kwamba arudie darasa. Nimetafuta zilikopotelea zile sita, nikazipata kwenye kazi ya likizo ya Agosti, swali la tisa. Swali lina alama kumi, nawe umempa sifuri kubwa kama sufuria.

Nalitafsiri swali lako ili kila mtu alisome. Mfugaji ana ng'ombe na mbuzi. Habari ya kwanza: mbuzi ni mara mbili ya ng'ombe. Habari ya pili: wote pamoja ni thelathini na sita. Je, habari hizi zinatosha kujua ana ng'ombe wangapi? Karatasi ya Nashipae inasema hazitoshi. Wewe msomi unasema zinatosha. Basi, kwa heshima zote, malalamiko yangu ni haya.

1. Mfugaji wako hana kondoo. Mwalimu, ni boma gani umewahi kuona lina mbuzi na halina kondoo? Kama wapo na umewaficha, hiyo thelathini na sita yako imekufa hapo hapo.

2. Nani aliwahesabu? Kwetu mtu hahesabu mifugo yake, ni kujitafutia mkosi. Jioni tunasimama langoni tukiwaangalia wakiingia, na asiyekuwepo tunamjua kwa rangi na pembe zake. Huyu wako aliyetaja thelathini na sita kwa sauti, tena mbele yako, mgeni kutoka Machakos, ama si mfugaji ama anakudanganya. Njia ya mwongo ni fupi, Mwalimu, na wewe umeifuata mpaka mwisho.

3. Ng'ombe wa nani? Wakati wa ukame nilipeleka wengine kwa rafiki yangu kule Bisil na wengine kule Kimana, na wa shemeji yangu wako kwangu hadi leo. Ukija bomani utakuta wasio wangu, na walio wangu hutawaona. Hao nao tuwaite x, kama unavyomfundisha mtoto, na kila mmoja ana jina lake?

4. Hili linaniuma, kwa hivyo sitafanya mzaha. Mwaka wa tisini na nne walikuja watu wawili na karatasi ya ardhi. Wakanionyesha mpaka mmoja na jiwe moja, wakasema habari zinatosha, tia sahihi. Nikatia. Leo pale tulipokuwa tukinyweshea kuna ukuta na mbwa. Tangu siku hiyo nawafundisha watoto wangu neno moja tu: hazitoshi. Daktari wa Kajiado akiniambia habari hazitoshi, rudi Jumatatu, anaitwa bingwa. Hakimu akisema hivyo, kesi inaahirishwa na sote tunasimama kwa heshima. Mtoto wangu akisema hivyo anarudishwa Kidato cha Pili.

5. Kwa hivyo, Nashipae akirudia, naomba na wewe urudie naye, mkae dawati moja. Hata wewe ulipewa kazi kwa habari mbili, cheti na tai. Hakuna aliyekuuliza habari za kondoo.

Nitashukuru kupata jibu kabla shule haijafunguliwa. Nisalimie mama watoto, Mwalimu Mkuu, karani, Mama Wahu wa jikoni, na hata yule mlinzi aliyenisimamisha getini saa nzima juzi.

Ni mimi, mzazi mwenye subira inayokaribia kuisha,

Saning'o ole Lemein

Tanbihi: Nashipae amekataa kukuletea barua hii mpaka niongeze haya. Mwezi wa Agosti alikuwa ameandika ng'ombe kumi na wawili, mbuzi ishirini na nne, habari zinatosha. Nilimkuta mezani nikamwambia afute. Alinielezea mara mbili, polepole, nikamuuliza kama anataka kuwa kama wale watu wawili wa karatasi. Akafuta. Ukiinua ile karatasi niliyoambatisha kwenye mwanga utaona maandishi yake ya penseli bado yako chini ya jibu. Kosa la mtoto, Mwalimu, ni kunitii tu. Mpandishe darasa, na hiyo sifuri uiandike kwa jina langu.