Mtamba Mnene wa Bunda

Jumanne, 10 Juni. Nyamuswa.
Mungu ni mwema! Polisi Bunda wamekamata ng'ombe wa wizi. Mtamba wangu yumo: mwekundu, mnene, anang'aa. Jirani yangu Mugeta naye aliibiwa, naye anamdai huyohuyo. Tamaa! Pembeni alisimama mwekundu mwingine, mbavu nje. Hana mdai. Nikasema mwenye huyu aone aibu. Mugeta akaguna tu.

Alhamisi, 12 Juni.
Daktari wa mifugo, mama Sabina, kasema DNA itaamua. Atang'oa singa za mkia wa mtamba, kisha za ng'ombe wetu wanaozaa. Maabara itamtaja mama. Naishukuru sayansi. Ila sayansi nayo husaidiwa.

Jumamosi, 14 Juni.
Nimewahi Bunda kabla ya daktari. Nikabandika singa za ng'ombe wangu kwenye mkia wa yule mnene, kwa gundi ya viatu. Kazi safi! Sabina alipovuta, fungu zima likabaki mkononi. Akauliza tangu lini ng'ombe anasuka rasta. Polisi wakacheka. Mmoja hakucheka, alikuwa anatafuta pingu. Aliyeniokoa? Mugeta!
"Afande, msamehe Baba Recho. Tangu aibiwe halalagi."
Kweli tupu. Wakaniachia. Kisha Mugeta akamwomba daktari ampime na yule mkondefu. Nikajua: anataka wote wawili.

Jumatano, 9 Julai.
Majibu! Mnene ni wa Mugeta. Mkondefu je? Mama yake ni ng'ombe wangu! Wezi walimshindisha njaa, maskini. Akanilamba mkono. Nimelia mbele ya polisi, sijali. Mugeta kasema alimtambua tangu siku ya kwanza, ila kwa nilivyomtukana mnyama, nisingemwelewa. Tumewaswaga pamoja hadi nyumbani. Mke wangu Rhobi kamchinjia Mugeta jogoo. Nimemshukuru Mugeta mpaka kaniomba ninyamaze, ale.

Alhamisi, 10 Julai.
Nimeamka na moyo wa shukrani. Jirani kama Mugeta hapatikani! Ng'ombe wake mkubwa kazaa alfajiri. Ndama mweusi tii. Ng'ombe wa Mugeta wote ni wekundu. Dume langu ni jeusi, na ua wa Mugeta lilikuwaga linauruka. Baba ni nani? Nusu ya ndama ni yangu! Nimechuma singa za wote watatu. Naelekea Musoma, ofisini kwa mama Sabina. Njiani Mugeta kauliza shati la kanisani la nini. Nimemwambia naenda kumshukuru daktari. Kanipa mayai nimpelekee.