Kuku za Lusangi Zimenyonyoka Mia kwa Mia

Bwana Shefu, mwenye kiti na mwenye kofia. Mapadri, kama wangelikuja. Mashehe waliotutumia salamu. Mabwana mliovaa viatu na ninyi mliokuja na miguu tu. Mamas wa Lusangi wenye kuku na mamas waliokuwa na kuku (mamas wanatazamana): mimi Hippolyte, Monita Mukubwa wa Kuku na Mambo Yanayofanana na Kuku, niliyesoma miaka mitatu kwa mapadri wa Kasongo na ningelimaliza wa nne kama mwalimu hangeona ya kuwa nimekwisha kumupita, nawasalimu kwa jina la Bula Matari, serikali yetu, na kwa jina langu.

Mwajua namna ilivyokuwa. Mwezi uliopita kuku zenu zilianza kunyonyoka manyoya, mukasema ni kawaida ya kila mwaka, na mimi, mutu wa servisi ya serikali, nikawaambia hapana, mwaka huu wa 1953 hata kunyonyoka kutafanywa kwa programu, ndipo nikakusanya kuku arobaini na tatu nizipeleke katika Nyumba ya Mapumziko ya Kuku, njia ya Kabambare, mabati juu, saruji chini, zirudi na manyoya mapya. (Mama Odile, mjane, anaweka kitunga kitupu mbele yake.)

Malisho yalikuwa ya asili kabisa: mchwa wa kichuguu asubuhi, dagaa za Nyangwe saa sita, sombe ya majani ya muhogo iliyokatwa ndogo-ndogo, mahindi ya kuponda, na majivu ya kuogea ya kufukuza utitiri, tena nilikataza mutu yeyote asishike kuku ovyo, sababu nyoya jipya liko na damu ndani na linauma. (Sauti: "Hayo tulikufundisha sisi.") Ndiyo kolaborasyo, mama, kazi ya pamoja. Mimi mwenyewe, wakati wa vita kule Abisinia, nililisha kuku moja kumbikumbi siku tatu katikati ya masasi, ikaota manyoya mazito mpaka risasi ikaigonga na kurudi kwa mwenyewe. (Kicheko. Shefu anakohoa.)

(Mama Odile: "Baba Monita, kuku yangu nyeusi iko wapi? Niko na ile moja tu. Ninataka ilalie mayai mvua ikianza.")

Ulizo zuri, na statistiki zinajibu: katika kuku arobaini na tatu, zilizonyonyoka ni arobaini na tatu, mia kwa mia, hakuna hata moja iliyobaki na nyoya, kitu ambacho hata Ulaya hawajafika.

(Mama Odile: "Nimeona manyoya nyuma ya jiko lako. Yamelowa, yananuka maji ya moto. Kuku inayonyonyoka yenyewe inaacha nyoya kavu, moja leo, moja kesho.")

Mama, hiyo ni njia ya zamani. Kazi ya miezi miwili sisi tunaimaliza kabla chungu hakijapoa.

(Mzee Abdallah, aliyetoa majogoo mawili: "Na Bismillahi alisema nani?")

Mzee wangu, hilo tutaliandika ndani ya raporo. (Makelele. Watu wanasimama.)

Kaeni, ninamaliza. Semeni pamoja nami: nyoya chini, maendeleo juu. (Hakuna anayesema.) Namshukuru bibi yangu Régina, mkubwa wa servisi ya maji ya moto; namshukuru Bwana Shefu, aliyekagua proje hii ya kuku mara sita, kila mara saa ya kula (Shefu anatazama kofia yake); namshukuru Bwana Agronome wa Kasongo, mkubwa wa kilimo, ambaye, Mungu akipenda, hatasikia kamwe kama proje ilikuwako; na ninyi nyote, ambao kwa wiki nne hakuna hata mmoja aliyetembea njia ya Kabambare kutazama mabati. Mama Odile, lete kitunga. Manyoya ya kuku yako nyeusi nilikutengea mbali, nyoya kwa nyoya, halikupotea hata moja.